Maumivu yana risiti?

Mzee wa Mwanjelwa:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Mdogo wangu anaendesha lori Georgia, Marekani. Hana stori nyingine siku hizi ila muswada wa seneti namba 68. Gavana Kemp aliusaini Aprili 2025, na kabla ya hapo alishatishia kuwaita wabunge wa jimbo kikao maalumu wakiukwamisha. Baraza la wawakilishi ulipenya kwa kura 91 kwa 82. Eti mawakili wamebanwa namna ya kutaja mamilioni ya fidia ya maumivu mbele ya juri, yaani wale raia wanaoamua kesi, na kama hukufunga mkanda, juri sasa inaambiwa. Dogo anashangilia, bima ilikuwa inamkaba tajiri wake.

Mimi 2021 nilikuwa abiria wa bodaboda, mteremko wa Iwambi. Lori la viazi likatusukumia mtaroni. Mguuni nina chuma, na baridi yetu ya Juni ikiingia ndiyo nakijua kilipo. Bima wakalipa gharama za hospitali, basi. Nilipouliza maumivu, kijana wa dirishani akasema, "Risiti yake iko wapi, mzee?" Sasa wenye haki hiyo wanaifunga ya nini?

Karani mstaafu, Iringa:
Hawajaifunga, mzee. Mwaka 2005 waliweka kikomo cha dola 350,000 kwa maumivu kwenye kesi za uzembe wa matibabu. 2010 mahakama ya juu ya jimbo ikakifuta, kwamba kinaingilia haki ya kuamuliwa na juri. Safari hii wamezungukia uani: kiasi hawakukigusa, wamegusa namna ya kukiomba.
Na hata kwetu maumivu yanadaiwa. Inaitwa fidia ya jumla, haina risiti, jaji anaipima mwenyewe. Ila ni mahakamani, siyo dirishani.

Kosta ya Tukuyu:
Nina kosta mbili barabarani. Maumivu yakianza kulipwa kwa mamilioni, mnadhani nauli itabaki hii hii?

Mama Uyole:
Ndaga, tajiri. Sheria ikipita bima ikashuka, njoo utuambie. Mimi sijawahi kuona kitu kimeshuka bei zaidi ya nyanya.

Mzee wa Mwanjelwa:
Karani, kwa hiyo naanzia wapi?

Karani mstaafu, Iringa:
Ajali ya 2021? Pole, mzee wangu. Madai ya uzembe ukomo wake ni miaka 3. Kwa mdogo wako huko ni 2.

Mzee wa Mwanjelwa:
Kumbe. Mimi nilikuwa nasubiri chuma kitolewe kwanza.