Naomba ushauri: vimeng'enya vilivyoungana, ni undugu au kufanana tu?

Kijana_wa_Maabara: Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa tatu, naandika mradi kuhusu vimelea vya malaria. *Plasmodium falciparum* ana vimeng'enya viwili, DHFR na TS (vyote husaidia kutengeneza malighafi ya DNA), kwenye mnyororo mmoja wa protini wenye asidi amino 608. Sisi binadamu tunavyo viwili, kila kimoja peke yake. *Leishmania*, kimelea kingine, naye kaviunganisha, na mimea vilevile. Nikaandika kwamba kila mmoja aliunganisha kivyake. Msimamizi kapiga mstari mwekundu, kaandika "ushahidi?" basi. Nianzie wapi?

Mchumvi: Mstari mmoja tu? Shukuru. Mimi nilirudishiwa sura nzima.

Bibi_Protini: Anza na mpangilio, mwanangu. Kote huko DHFR imetangulia, TS inafuata. Wangekuwa wameunganisha mbalimbali, ungetegemea angalau mmoja awe kinyume. Ndiyo maana mwaka 2002 Stechmann na Cavalier-Smith waliuchukua muungano huu kuwa alama ya ukoo mmoja mkubwa wa viumbe. Kinachotofautiana sana ni kipande cha katikati: kwa falciparum kina asidi amino 89, kwa *Leishmania* ni kifupi mno.

Kijana_wa_Maabara: Shikamoo Bibi. Kwa hiyo nifute sura yote?

Bibi_Protini: Marahaba. Usifute, geuza hoja. Weka mfano wa kufanana bila undugu pembeni yake, tofauti itaonekana. Kimotripsini na subtilisini zote ni vimeng'enya vinavyokata protini kwa asidi amino tatu zilezile: serini, histidini na aspartati. Ila mikunjo ya vimeng'enya hivyo viwili haifanani hata kidogo, na mfuatano pia. Nafasi zake kwenye mnyororo, kimotripsini: histidini 57, aspartati 102, serini 195. Subtilisini: aspartati 32, histidini 64, serini 221. Mmoja katokea kwetu wanyama, mwingine kwa bakteria wa *Bacillus*, wakakutana kwenye kazi.

Mfamasia_Mstaafu: Halafu usije ukaandika kwamba muungano ndio ulioleta usugu wa vimelea kwa SP (dawa ya malaria yenye sulfadoksini na pirimethamini), nimeliona kosa hilo mara nyingi. Pirimethamini inabana DHFR, na badiliko linaloleta usugu, la serini kuwa asparajini nafasi ya 108, liko humo humo kwenye shimo ambamo dawa hushika. TS haihusiki.

Kijana_wa_Maabara: Du, nilikuwa nimeshaliandika, ukurasa wa 14. Nafuta sasa hivi. Jedwali la mpangilio nalileta hapa kesho, umeme ukirudi.