Naomba ushauri: meseji za tahadhari watu wanazifuta bila kusoma

VHT_Mpakani:
Habari zenu wakubwa. Mimi ni VHT, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini, huku Busia, upande wa Uganda. Mwenyekiti wetu wa LC1 (baraza la kijiji) amenipa kazi ya kuandaa meseji za simu zikae tayari, ili mlipuko wa ugonjwa ukitokea tusianze kuhangaika. Hapa mpakani malori hayalali, kwa hiyo ugonjwa hauchelewi kufika.

Niliyoyaona mwaka 2020 ndiyo yananikosesha usingizi. Mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa tarehe 21 Machi, meseji za mwanzo zilitushtua sote. Jirani zangu waliweka jerikeni ya maji na sabuni mlangoni siku hiyo hiyo. Baada ya wiki chache hakuna aliyejali tena. Maneno yalikuwa yale yale kila asubuhi, tena kwa Kiingereza, akitumiwa mama muuza samaki anayesoma Kiswahili na Kisamia cha huku kwetu tu. Tena mwezi huo huo wa Machi, ilipokuja habari kwamba magari ya abiria yanasimamishwa, stendi yetu ilifurika watu wanaowahi kwenda kijijini. Tulitaka watawanyike, wakabanana.

Nifanyeje ili meseji ifuatwe bila kuzua taharuki?

Boda_Mubende:
Pole na kazi, ndugu. Nilikuwa Mubende Ebola ilipotangazwa tarehe 20 Septemba 2022. Meseji zilizotaja dalili peke yake zilitutisha tu. Mwenzetu wa stejini alishikwa na homa, akaziona dalili zake kwenye simu, akajificha kwa shemeji yake siku tatu. Hakuna mahali palipoandikwa aende wapi, wala atafanywa nini akifika. Mwishowe ikawa ni malaria, lakini fikiria ingekuwa yenyewe! Ebola ile, ya aina inayoitwa Sudan, haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa, kuwahi matibabu ndiko kulikookoa watu. Andika wazi: ukiwa na homa usipande boda, piga simu, utafuatwa. Ile namba 6767 ya Wizara ya Afya ya kutoa taarifa kwa meseji, itaje kila mara.

Msomi_Ntinda:
Mwaka huo wa 2020 nilikuwa masomoni Korea Kusini. Kule tahadhari hurushwa kutoka kwenye minara kwenda kwa kila simu iliyo eneo hilo kwa mpigo, haihitaji orodha ya namba, na simu inalia kwa nguvu. Serikali za mitaa zilitaja hata maduka aliyopitia mgonjwa na saa aliyopita. Kwa kweli ilinibadilisha: nikiona mtaa wangu, sitoki. Lakini zilizidi mno, wenzangu wengi wakazizima. Na wagonjwa walianza kutambulika hata bila jina, watu wakawasema vibaya. Wewe taja mahali na muda, usimtaje mtu. Kama hakuna jipya, usitume.

Mama_Sokoni:
Mwanangu, nyumba nyingi simu ni ya baba, na mara nyingi iko kwenye kibanda cha kuchajia. Meseji hiyo hiyo isomwe kwenye spika ya sokoni, na asome mtu tunayemjua sauti.

Nesi_Mbale:
Naongeza moja, na hili nakusihi: usitume chochote kabla ofisi ya DHO (mganga mkuu wa wilaya) haijakipitia. Meseji moja ya uongo ikitoka kwenye namba yako, hata ile ya kweli hawataiamini.

VHT_Mpakani:
Asanteni sana, nimeguswa. Mama, la spika sikuwa nimeliwaza kabisa. Nimeandika hivi: "Ebola imethibitishwa wilayani kwetu. Ukipata homa ghafla, kaa ulipo, usipande boda. Mpigie VHT wako, au tuma meseji 6767. Utafuatwa na kupimwa bure. Soko liko wazi, nawa kabla ya kuingia." Kesho nampelekea mwenyekiti, kisha DHO. Kuna Msamia humu anisaidie "imethibitishwa"? Nataka neno ambalo bibi yangu ataelewa.