Mtoto wa miaka minne anamkimbia baba yake mdogo tangu aangalie katuni ya simba. Naombeni ushauri

MamaTunu_Moro:
Wakuu, habari za majukumu. Wa kucheka wacheke, ila mniachie na neno la maana.

Nina binti wa miaka minne na miezi mitatu, tumwite Tunu. Baba yake ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Tunduma na kuvuka Zambia, anaweza kukaa njiani wiki mbili au tatu. Tunaishi na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, kijana wa chuo, mpole, na ndiye aliyekuwa akimbeba Tunu mgongoni kwenda dukani kila jioni.

Wiki tatu zilizopita binamu zake walikuja na flashi. Wakaweka The Lion King, ile ya zamani ya kuchorwa ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa na hawa wanaoingiza sauti zao juu. Mimi nilikuwa jikoni napika. Nilipaswa kujua ukimya wa watoto wanne si wa bure.

Tangu usiku ule amekojoa kitandani mara 5, na alishaacha kabisa. Baba mdogo akimsalimia anajificha nyuma ya kanga yangu. Baba yake aliporudi Jumanne amechoka, akajilaza kwenye mkeka sebuleni. Nasikia kilio, nakimbia, namkuta Tunu kamshika baba yake sikio kwa mikono miwili analivuta: "Baba amka! Baba amka!" Baba mtu kashtuka akadhani nyumba inaungua.

Kilichonileta hapa ni jana. Redio ya jirani inatangaza mpira kwa kelele, jirani naye anadakia, "Simba kafa mbili bila!" Mtoto kaacha uji, anatetemeka, ananiuliza, "Mama, nani kamuua?"

Mama mkwe anasema mtoto kapatwa na kitu, aombewe. Wifi kaninong'oneza mambo kuhusu shemeji ambayo siyaandiki hapa. Nadhani shemeji kayasikia, maana siku hizi anakula chumbani kwake. Nifanyeje?

Mzee_wa_Kijiwe:
Mimi Yanga damu. Simba kufa ni habari ya kawaida, mtoto azoee mapema. 😂 Pole lakini dada.

ChumaChakavu:
Watoto wa siku hizi mayai. Sisi bibi alitusimulia zimwi limemeza kijiji kizima na ng'ombe wao, tukalala, asubuhi tukaenda shule. Katuni ni katuni. Mpuuze, ataacha.

Mwalimu_wa_Awali:
ChumaChakavu, bibi yako alikuwa na macho. Akiona umekodoa na kumshika gauni, zimwi lilikatwa kidole cha mwisho haraka haraka na watu wote wakatoka wazima wakicheza ngoma. Filamu haioni sura ya mtoto. Na baba simba hakutoka mzima kwenye lile bonde la nyumbu.

Mleta mada, nafundisha darasa la awali, hebu nikuulize mambo matatu. Huyo mtafsiri, yule simba mbaya anamwitaje? Pili, kuna mtu aliyewahi kufariki kwenu mkamwambia Tunu "amesafiri" au "amelala"? Tatu, mara ya mwisho baba yake kuondoka, Tunu alifanya kosa lolote siku hiyo?

Bint_Makunduchi:
Wangu alikuwa na miaka mitatu tulipomwekea ile ya samaki ya mwaka 2003, Finding Nemo. Hata hujakaa sawa, mzia keshamla mama na mayai, kabaki mtoto mmoja tu. Basi hapa kwetu mzia ndiyo mboga! Miezi miwili hakutaka kumuona sahanini, na nikienda kuoga anakaa mlangoni kunisubiri. Kaka yake wa miaka minane yeye alicheka filamu nzima. Mtoto na mtoto, na umri na umri.

MamaTunu_Moro:
Mwalimu, nimesoma maswali yako nikakosa usingizi. Usiku nikaiweka filamu peke yangu. Mtafsiri, kila yule simba mwenye kovu akitokea, anasema "baba mdogo muuaji huyo, baba mdogo hana huruma." Kila mara! Na ni kweli, ni mdogo wake baba.

Babu yake Tunu alifariki mwezi wa tatu. Tulimwambia amesafiri.

La tatu nimemuuliza mwenyewe asubuhi nikimsuka. Kanyamaza, kisha kasema, "Nilimwaga chai ya baba." Ni kweli aliimwaga, siku baba yake anaondoka, nikamfokea kidogo. Mimi nilishasahau.

Mwalimu_wa_Awali:
Ndiyo hapo. Watu wanadhani kinachoumiza ni kifo. Kuna zaidi: yule baba mdogo anamwambia mtoto kwamba baba amekufa kwa sababu yake, akimbie asirudi. Mtu mzima anajua ni uongo kwa sababu amemuona muuaji. Mtoto wa miaka minne anaona mkubwa kasema, basi ni kweli. Umri huo wanaamini hata hasira au kosa lao dogo linaweza kuleta jambo kubwa. Kifo nacho kwao bado ni kama usingizi, mtu anaweza kuamka. Ndiyo maana ya lile sikio, kwenye filamu mwana simba anafanya vivyo hivyo. Wengi wanaanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi wakiwa na miaka mitano hadi saba.

Tunu kasikia "Simba kafa" redioni, ana "baba mdogo" ndani, na babu "amesafiri" hajarudi. Baba naye husafiri. Maneno yote hayo tumempa sisi.

Mwambieni kwa maneno mafupi: babu amekufa, mwili wake uliacha kufanya kazi, harudi. Baba anasafiri kikazi, anarudi. Chai haiui mtu. Atauliza tena kesho na keshokutwa, jibuni vilevile bila kuchoka.

Fundi_Takwimu:
Mwaka 2014 jarida la madaktari la BMJ la Uingereza lilitoa utafiti kuhusu filamu 45 za katuni zilizouza sana, zikalinganishwa na 90 za watu wazima. Theluthi mbili ya katuni zilionyesha kifo cha mhusika muhimu, za wakubwa nusu tu. Wazazi wa mhusika mkuu ndio kabisa, uwezekano wa kufa ni mara 5 kuliko kwenye zile za wakubwa. Kwa hiyo tukiwawekea "filamu ya watoto" tusidhani tumekwepa msiba.

ChumaChakavu:
Mara 5? Basi nimenyamaza.

Nesi_wa_Zamu:
Mawili tu. Kukojoa: usimpige wala kumwaibisha mbele ya watu, ila mpeleke zahanati apimwe mkojo, isije ikawa maambukizi na sisi tunalaumu simba wa watu.

La wifi: usilipuuze na usilitangaze. Maelezo ya filamu yanaingia vizuri, na mimi naamini ndiyo hayo, lakini mama hakai kwenye kuamini. Kaa na Tunu peke yenu, mnachora au mnacheza, umuulize kwa uwazi, "Wewe na baba mdogo huwa mnafanya nini?" Usimlishe jibu. Akisema lolote linalokutia shaka piga 116, ni simu ya huduma kwa mtoto, bure. Asiposema, shemeji naye ana haki ya kusafishwa jina hapo nyumbani kwa sauti ileile iliyomchafua.

Na muda wa kuangalia: Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linasema umri huo isizidi saa 1 kwa siku. Mwekeeni Akili and Me, katuni ya hapa hapa kwetu, ya umri wake.

MamaTunu_Moro:
Mrejesho wakuu, imepita wiki mbili.

Mkojo ulipimwa, uko safi. Nimeongea na Tunu mara tatu, tukichora. Anachosema ni kimoja: "Baba mdogo atamtupa baba kwenye ng'ombe." Nyumbu kawafanya ng'ombe. Nilimwita wifi akasikia kwa masikio yake. Kaona aibu, kamnunulia shemeji soksi, sijui kwa nini soksi.

Baba yake tumekubaliana awe anapiga simu ya video kila akifika kituo. Juzi kapiga yuko Makambako, kamwonyesha kikombe, akaimwaga chai chini makusudi, akasema, "Unaona? Mzima!" Tunu alicheka mpaka kikwikwi.

Kukojoa kumebaki mara 1 kwa wiki. Mgongoni kwa baba mdogo hajapanda bado. Ila jana shemeji alipotoka kwenda dukani, Tunu alimfuata kwa nyuma, hatua kama kumi hivi, mpaka kwenye mwembe, akasimama hapo akimsubiri arudi.

Mzee_wa_Kijiwe:
Safi sana. Sasa siku ya watani wa jadi huyo mtoto mpeleke kwa bibi yake, maana Simba anakufa tena.