Mrejesho: seva na bakapu za kikundi chetu
Wakuu, niliuliza kama kikundi chetu cha wanafunzi wa kompyuta kimalize bajeti yote kwenye seva moja mpya. Mlinikatalia, nashukuru. Tumechukua iliyotumika, yenye diski mbili za TB 4 kwa RAID 1, yaani kila kitu huandikwa kwenye diski zote mbili. Chenji ikaenda kwenye UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) na diski mbili za nje za bakapu, yaani nakala za akiba. Moja hukaa kwa mweka hazina, tunazibadilisha kila Ijumaa.

Kilichonitoa jasho ni jaribio la kurejesha data kutoka kwenye bakapu. Mafaili yote yalirudi salama, lakini hifadhidata ikagoma kufunguka: ilinakiliwa huku bado inaandikwa! Sasa skripti ya bakapu inaanza na pg_dump (zana ya PostgreSQL ya kutoa nakala kamili ya hifadhidata hata ikiwa inatumika), ndipo inanakili.

Ila kelele za feni za seva hiyo, jamani! Tumeihamishia stoo.