Nina RB ya simu ila kesi imelala. Polisi wanachaguaje ipi ya kupeleleza?

konda_mstaafu
Wakuu habari. Nimeibiwa simu kwenye daladala hapa Dar, nikaenda kituoni nikaandikisha nikapewa RB, nikajua mpelelezi ataanza kazi, mpaka leo kimya, nikienda naambiwa subiri tutakuita. Jirani yangu kavunjiwa duka wiki hiyohiyo, kituo hichohicho, watu washakamatwa. Hivi wanaangalia nini kusema hii tufuatilie hii tuiache? Au mpaka utoe hela ya mafuta?

jalada_wazi
Mkuu RB maana yake taarifa yako imeandikwa kitabuni, basi. Haimaanishi kuna askari kapangiwa. Jalada likifunguliwa linapata namba ya IR, yaani ya daftari la upelelezi, hiyo ndo ukaulizie, na jina la mpelelezi wake. Pia hakikisha hawajakupa loss report, ile ni ya mali iliyopotea, hapo hakuna mwizi wa kutafutwa.

Kuhusu kuchagua, anayegawa majalada ni OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya, na swali lake la kwanza ni pa kuanzia papo? Dukani kuna mlinzi, majirani, labda kamera, kuna mali inayotambulika. Wewe daladala imejaa, mwizi humjui, hata kituo alichoshukia hukijui. Pili uzito wa kosa. Ungetishiwa panga hiyo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, miaka 30 jela, hailali hata siku moja. Tatu, tangu sheria ibadilishwe 2022, ukiacha yale makosa mazito, hawapeleki mtu mahakamani mpaka upelelezi ukamilike, kwa hiyo jalada lisilo na shahidi linakaa chini kabisa ya rundo.

wa_Nakuru
Hapa Kenya ni OB tu, kitabu cha matukio cha kituo, story ni hiyohiyo. Na hata file ikiiva inaenda kwa DPP, mkurugenzi wa mashtaka, nao wanauliza mambo mawili, ushahidi unatosha kupata hatia? na je, kuna maslahi ya umma kumshtaki huyu mtu?

bibi_mkubwa
Ya mafuta nayo ipo, tusidanganyane. Ila usitoe, nenda kwa OCS, mkuu wa kituo, akizungusha panda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya.

jalada_wazi
@bibi_mkubwa sawa dada, lakini hata ukitoa, bila IMEI, ile namba ya utambulisho ya simu, hawana cha kuandika kwenda kampuni ya simu. Na wewe raia ukienda mwenyewe hawakupi taarifa za laini iliyowekwa humo, wanataka barua ya polisi.

konda_mstaafu
Kwenye RB wameandika "simu ndogo nyeusi" tu, IMEI hakuna. Boksi lipo kwa mama Morogoro, risiti sina. Litafaa?

jalada_wazi
Linafaa sana, namba iko ubavuni mwa boksi. Mwambie mama apige picha akutumie leo, uende nayo waongeze kwenye maelezo yako, halafu boksi lenyewe lije na basi maana watalitaka kama kielelezo.