Faili ni langu, mimi ni mtu mzima, sasa mnamficha nani?

Wadau, leo nimeudhika vibaya. Mimi niliasiliwa nikiwa mchanga, wazazi walionilea hawajawahi kunificha na mama mwenyewe ndiye aliniambia nenda ukaulize, baraka zangu unazo. Kwa hivyo msianze na zile za "huna shukrani".

Naenda ofisi moja ya serikali hapa Nairobi, nina kitambulisho, nina nakala ya oda ya kuasiliwa, nina barua. Karani anaingia ndani anatoka na faili. LIPO jamani, halijaungua, halijaliwa na panya! Analifungua akiwa amelisimamisha kama mwanafunzi anayeficha majibu ya mtihani, anasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, anainua macho ananikagua uso, anarudi kusoma, kisha analifunga. "Hii ni siri, lete oda ya jaji." Siri ya nani? Yeye amesoma, mwenzake wa meza ya pili amechungulia, mwenye maisha yake ndiye haruhusiwi!! Nauliza hiyo oda inaombwaje, naambiwa tafuta wakili. Shirika lililosimamia kuasiliwa kwangu nalo likanirudisha kwa ofisi hiyo hiyo, na siku hizi simu zangu hawashiki.

Hiyo sheria ya kwamba kumbukumbu zinazounganisha cheti chako cha kwanza na jina lako jipya zifungwe mpaka korti iamue tulikopi kwa Mwingereza. Na Mwingereza mwenyewe alishabadilisha kwake tangu sheria ya 1975, ukifika miaka 18 unaomba cheti chako cha kwanza unapewa, Scotland ndio walianza kitambo, 1930! Sisi tuna Katiba ya 2010, kifungu cha 35 kinasema raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, tukatunga sheria ya kupata habari 2016, Sheria ya Watoto tukaiandika upya 2022, na bado mtu mzima mwenye ndevu anaambiwa akamwombe jaji ruhusa ya kujua alizaliwa na nani.

Najua mtasema ni kumlinda mama aliyenizaa. Sawa, basi si mmuulize kwanza? Akikataa nitaumia lakini nitaelewa. Sasa hivi hakuna anayemuuliza, wanamjibia tu. Pengine naye anatafuta, nani ajuaye.

Na sitaki urithi wa mtu. Nataka kuoa, na wazee wa upande wa pili wanauliza ukoo wangu ni upi, hawataki vijana waoane ndugu kwa ndugu, na wana haki. Niwajibu nini, ngojeni jaji?

Mwenye amewahi kupeleka maombi haya Mahakama Kuu bila wakili, aseme hapa alijaza karatasi gani na ilimgharimu pesa ngapi. Wale wa "achana na ya kale" piteni tu.