Mtoto anawekewa mrija wa tumboni, tujiandae vipi?

Swali: Jamani, mtoto wa miezi 10 anawekewa mrija wa kulishia. Mwisho wa kumnyonyesha ni lini? Na mrija ukichomoka?

Jibu: Kwa kawaida maziwa ya kopo na chakula mwisho masaa 6 kabla ya kulazwa usingizi wa upasuaji, maziwa ya mama masaa 4, maji masaa 2. Daktari wa usingizi akisema vingine, mfuate yeye. Akiwa usingizini tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Jibu: Mrija ukichomoka wiki za mwanzo usiurudishe mwenyewe! Njia yake ya kutoka ngozini hadi tumboni haijakomaa, mrija unaweza kupotea nje ya tumbo la chakula. Funika kwa shashi safi, kimbia hospitali. Tundu huanza kuziba ndani ya masaa machache.

Jibu: Nguo za mtoto, mama, ziwe za vipande viwili, vifungo mbele. Zipu hukwaruza kidonda na kunasa mrija.